Kuhamisha mwasmini na wenzake Malindi: Agosti kata mizizi, vuli ndiyo uhamishe

"Tunakaa Maweni, Malindi. Fundi anaanza kuchimba shimo jipya la choo mwezi wa Desemba, na mahali penyewe ndipo penye bustani yangu. Kuna mwasmini alioupanda mama mkwe, una kama miaka tisa na umekuwa kichaka cha kunifika kifuani. Kuna miwaridi minne, mlangilangi ulionipita kichwa kidogo wenye shina nene kama kifundo cha mkono, bogenvilia iliyoegemea ukuta, halafu maua ya kana na mchaichai. Nimesoma kwamba mimea ya kudumu huhamishwa mwisho wa Agosti na Septemba, kwa hiyo nataka kuanza sasa: nikate matawi yote, nitie mbolea shimoni ishike haraka. Ila mwaka jana nilihamisha mwaridi mmoja, nikaumwagilia asubuhi na jioni, majani yakanyauka na udongo umeloa. Ukafa. Maji yetu ni ya kisima, yana chumvichumvi. Nifanyeje nisiupoteze mwasmini wa mama mkwe?"

Pole kwa huo mwaridi, dadangu. Swali lako lina maswali mawili ndani yake: lini uhamishe, na kwa nini mmea ufe kwa kiu ukiwa umesimama kwenye udongo uliolowa. Naanza na hilo la pili, maana ukishalielewa, tarehe utaipata mwenyewe.

Mmea haunywi kwa mizizi yake yote. Ile mizizi minene unayokutana nayo ukichimba kazi yake ni kuushikilia mmea, kupitisha maji na kuweka akiba ya chakula. Kunywa kwenyewe kunafanywa na ncha changa, nyeupe, nyembamba kama uzi, pamoja na vinyweleo vyake vidogo mno. Ncha hizo ziko mbali na shina, nyingi zimeshavuka hata kivuli cha matawi. Ukiuchimba mmea mkubwa, hizo ndizo unazoziacha ardhini. Majani huku juu hayana habari: yanaendelea kutoa mvuke kupitia vitundu vyake, jua na upepo vikivuta. Maji yanayotoka yakizidi yanayoingia, jani hulegea, na mmea hufunga vitundu vyake usikauke. Lakini vitundu hivyo ndiyo njia ya hewa ya kutengenezea chakula, kwa hiyo vikifungwa mmea unabaki kuishi kwa akiba. Ukiwahi kuotesha ncha mpya kabla akiba haijakwisha, umepona. Usipowahi, ndiyo basi.

Kwa hiyo mwaridi wako haukukosa maji, ulikosa cha kuyanywea. Na kuumwagilia mara mbili kwa siku huenda kuliuongezea taabu, kwa sababu ncha mpya haziwezi kuota bila hewa, na jeraha la mzizi lililolala kwenye tope siku nzima huoza. Hapo Maweni mwamba wa matumbawe uko karibu sana na uso wa ardhi. Shimo lililochongwa ndani yake likajazwa udongo mlaini huwa kama chungu kisicho na tundu: maji yanaingia, hayatoki. Tia na chumvi ya kisima inayobaki kila maji yanapokauka, uone mmea uliojeruhiwa ulikuwa umekabiliwa na mambo mangapi kwa pamoja.

Sasa hiyo Agosti na Septemba. Ushauri huo si wa uongo, ila uliandikiwa Ulaya na Marekani ya kaskazini. Kule mwisho wa Agosti joto la hewa linaanza kushuka, siku zinafupika, mvua zinakaribia, na udongo bado umehifadhi joto la miezi ya jua kali. Sehemu ya juu ya mmea inapunguza kasi na mizizi inaendelea kukua wiki kadhaa kabla baridi haijaingia ardhini. Wanachokitafuta wao ni udongo wenye joto chini ya hewa iliyopoa.

Sisi joto la udongo tunalo mwaka mzima, halijawahi kuwa shida. Kinachotupunguzia nafasi ni jinsi hewa inavyovuta maji, na kama wiki zinazofuata zitakuwa na mvua. Malindi iko takriban digrii 3 kusini ya ikweta, kwa hiyo mwishoni mwa Septemba na mwanzoni mwa Oktoba jua la adhuhuri linapita karibu kabisa na utosi. Ule wakati mwenzako wa Uingereza anaambiwa jua limepoa, wewe jua liko juu ya kichwa chako, upepo wa kusi umelegea, mvua za masika zimekwisha kitambo na visima vimeshuka. Ukiuchimba mwasmini sasa, utakaa miezi miwili hivi ukisubiri mvua za vuli bila mizizi ya kusubiria.

Wakati wetu ulio bora, bila ubishi, ni masika: mara tu mvua za mwisho wa Aprili na Mei zimelowesha ardhi vizuri. Mei ndio mwezi wenye mvua nyingi zaidi hapa, na baada yake unapata Juni, Julai na Agosti zenye hewa ya ubaridi wa kusi. Mmea uliohamishwa Mei una karibu miezi sita ya kujijenga kabla ya joto kali. Vuli ni wakati wa pili kwa ubora, na ina kasoro mbili. Ya kwanza, haiaminiki. Mwaka wa El Niño, kama 1997 au 2023, humwaga kupita kiasi. Mwaka wa La Niña, ulio kinyume chake, inaweza kupita na manyunyu tu. Ya pili, nyuma yake unakuja upepo wa kaskazi, na kuanzia Januari hadi Machi ni joto, ukavu na upepo. Mmea wa vuli lazima umwagiliwe na mtu mpaka masika, hakuna njia ya mkato. Upande wa Lamu vuli ni haba zaidi hata kuliko kwenu, na mtu wa huko ningemshauri asubiri masika.

Fundi wako ni wa Desemba, basi utatumia vuli. Lakini una Agosti na Septemba mkononi, na miezi hiyo ina kazi yake: kukata mizizi ukiwa hujauhamisha mmea. Hii hatua watu huiruka, na kwa mwasmini wa miaka tisa ndiyo nitakayoitegemea kuliko mbolea yoyote.

Funga kamba ya sentimita 25 kwenye kijiti, kichomeke katikati ya kichaka na uchore duara chini. Hilo litakupa donge la upana wa sentimita 50. Ligawe duara vipande sita. Wiki hii kata vipande vitatu, kimoja ndiyo kimoja siyo, kwa sepeto lenye makali, ukishuka wima sentimita 30 hadi 35. Mzizi mnene kuliko kidole usiupige kwa jembe ukapasuka. Ufikie, uukate kwa msumeno au mkasi wa kupogolea jeraha likae laini. Jaza ufa kwa udongo ule ule uliochekechwa, ukiuchanganya na samadi kuukuu kiasi cha robo, kisha mwagilia. Baada ya wiki nne kata vipande vitatu vilivyobaki. Muda wote huo mmea bado unakunywa kwa upande ambao haujaguswa, na nyuma tu ya kila mkato unaota fungu la mizizi mipya myembamba. Itakapofika siku ya kuhamisha, chimba sentimita 8 hadi 10 nje ya mstari huo, na ncha za kunywea utakuwa umezibeba ndani ya donge.

Wakati huo huo weka bima. Mwasmini hushika kwa urahisi kwa kulaza tawi. Chagua tawi la chini linalopinda bila kuvunjika, unene wa penseli. Sentimita 30 hivi kutoka nchani, chini ya kifundo cha majani, kwangua gamba la upande wa chini urefu wa sentimita 2 au 3 mpaka uone weupe. Lilaze kwenye kijishimo cha sentimita 10, libane kwa kijiti chenye panda, lifukie, uweke jiwe juu na ncha ibaki nje imesimama. Jiwe linazuia unyevu usipotee na linakuonyesha tawi liko wapi usije ukalikanyaga. Udongo usikauke kabisa. Baada ya wiki sita hadi nane vuta taratibu. Likikataa kuja, limeota mizizi. Likate kutoka kwa mama yake, liache hapo hapo wiki mbili, kisha lihamishie kwenye kopo au mfuko wa miche. Laza matawi matatu au manne. Miche hiyo ni mwasmini ule ule wa mama mkwe, harufu ile ile, na hata kichaka kikubwa kikigoma utakuwa nao. Kwa kusema kweli, kama ingekuwa lazima nichague kimoja kati ya kukihamisha kichaka na kulaza matawi, ningelaza matawi.

Mlangilangi sina habari nzuri sana. Mizizi yake mikuu hushuka chini na huvunjika kirahisi, na haipendi kuguswa. Mche wa kufika magotini huhama bila shida. Wa kimo chako, wenye shina la sentimita 5 au 6, ungehitaji donge la sentimita 60 na kina cha 50, uzito unaozidi kilo 200, na hata hapo nisingeahidi kitu. Mwamba wa Maweni huenda hata usiruhusu kuutoa mzima. Kitu cha kwanza ni kumwuliza fundi kama shimo linaweza kusogea mita 3. Kama haliwezi, panda mche mpya wakati wa vuli, uupe kivuli na maji; mlangilangi uliotunzwa huanza kutoa maua ukiwa na miaka 2 hadi 3. Tena usiukate kilele ukidhani unaupunguzia mzigo, maana utauharibia umbo lake bila kuusaidia.

Na kwa kuwa shimo la choo limetajwa pamoja na kisima: kwenye ardhi ya matumbawe uchafu hupita kwenye nyufa upesi kuliko kwenye udongo wa mfinyanzi. Kabla fundi hajaanza, mwite afisa wa afya ya umma aje aone umbali kati ya hilo shimo na kisima chenu na cha jirani. Pengine shimo litahamishwa kwa sababu hiyo, na bustani ikapona bila wewe kubeba kitu.

Miwaridi ni ya kati kwa kati. Ikiwa haijapita miaka mitano, donge la upana wa sentimita 35 na kina cha 30 linatosha. Siku ya kuihamisha ndipo uikate, ibaki sentimita 40 kutoka chini, ukitoa kabisa fimbo kuukuu zilizokauka. Tazama pale chini kama kuna uvimbe: ndipo ilipopandikizwa juu ya shina la mwaridi mwingine. Uvimbe huo ubaki juu ya udongo kidogo, na fimbo yoyote inayochipuka chini yake ing'oe, maana si waridi lako.

Bogenvilia watu huiona ngumu kwa kuwa ni kali ya miiba na haijali ukame. Mizizi yake ni michache, myepesi kukatika, na haishiki udongo. Ukiinua, donge linamwagika lote. Na hii yako imeegemea ukuta, kwa hiyo sehemu ya mizizi imeingia chini ya msingi. Usipoteze nguvu. Chukua vipande vya matawi yaliyokomaa, unene wa penseli au zaidi kidogo, urefu wa sentimita 20, toa majani yote, vichomeke nusu kwenye mchanga safi mahali penye kivuli, na kumi vikipandwa utapata vya kutosha. Kana na mchaichai hata mwezi usiuangalie sana: chimba, gawa kwa panga, kila kipande kiwe na machipukizi mawili matatu, kata majani yabaki shubiri moja, panda, mwagilia.

Siku yenyewe ya kuhamisha usiichague kwa kalenda. Subiri vuli ilowe ndani. Mvua ya milimita 30 hulowesha mchanga mkavu kina cha sentimita 30 hivi. Weka kopo lenye kuta zilizonyooka uwanjani, upime kwa rula maji yaliyomo kila asubuhi, au chimba kwa mkono uone unyevu umefika wapi. Ukishafika sentimita 30, mara nyingi mwisho wa Oktoba au ndani ya Novemba, chagua jioni yenye mawingu, baada ya saa kumi. Idara ya Hali ya Hewa hutoa utabiri wa msimu wa Oktoba hadi Desemba kabla msimu haujaanza. Usikilize ujue mwaka huu unategemea mvua au ndoo. Kama kufikia tarehe 15 Novemba mvua haijaonekana, usingoje mpaka fundi abishe hodi. Lowesha ardhi mwenyewe siku mbili mfululizo, uhamishe.

Shimo jipya lichimbwe kabla, si baada. Upana wake uwe mara mbili ya donge, kina kiwe sawa na donge na si zaidi, kwa sababu udongo laini ukiachwa chini ya donge utashuka na mmea utazama. Ukikutana na mwamba, utoboe kwa mtaimbo. Kisha mwaga ndoo mbili za lita 20 uangalie. Maji yakiwa bado yamesimama baada ya muda wa saa nne au tano kupita, sehemu hiyo haifai. Tafuta nyingine, au panda juu ya tuta lililoinuliwa sentimita 30.

Donge la udongo wa mchanga humomonyoka, na hapo ndipo wengi hupotezea mmea. Lilowe siku moja kabla. Funga matawi kwa kamba yasivunjike, na weka kitambaa kwenye tawi linalotazama baharini ili upande huo utazame huko huko mahali papya. Chimba mfereji pande zote kwanza. Kabla hujakata chini, zungushia donge gunia na ulikaze kwa kamba mizunguko mitatu minne, ndipo uingize sepeto chini na kukata. Lilaze ubavuni, lisukumie bati kuukuu au turubai, mlivute. Kichaka chako na donge lake ni zaidi ya kilo 100, basi waite watu wanne, na asiwepo wa kukishika kwa shina. Shina likivutwa, udongo unabaki chini na mizizi inakatika ndani ya gunia bila mtu kujua.

Gunia nalo liangalie. Chomoa uzi uuchome: ukiyeyuka na kuwa kitonge cheusi, ni plastiki na lazima litoke lote ukishauweka mmea shimoni. Ukigeuka jivu, ni katani au juti. Hilo lingeweza kuozea humo, lakini palipo na mchwa litoe vile vile.

Mmea ukae kimo kile kile ulichokuwa. Lalisha kijiti juu ya shimo uone alama ya zamani ya udongo kwenye shina iko sawa nacho. Rudisha udongo uliotoka, ushindilie kwa mikono na maji, si kwa kisigino. Mbolea shimoni usitie, ya duka wala samadi mbichi. Hiyo ndiyo sehemu ya mpango wako ninayoipinga moja kwa moja. Mbolea ni chumvi, na chumvi karibu na mzizi uliokatwa huvuta maji kutoka kwenye mzizi badala ya kuyapeleka. Subiri uone majani mapya yaliyokunjuka na kukomaa, wiki sita au nane, kisha weka samadi iliyooza juu ya udongo, karai moja kwa mwasmini, nusu kwa mwaridi.

Kukata matawi yote nako si sawa, ingawa wazo lake ninalielewa. Majani yanavuta maji, ni kweli, lakini ndiyo yanayotengeneza sukari inayoota mizizi, na vichipukizi vya nchani hutuma chini ishara ya kuota. Ukivua kila kitu, mmea unatumia akiba kujivika upya na mizizi inasubiri. Mwasmini huchipua vizuri kutoka chini, kwa hiyo unaweza kuupunguza theluthi moja, ukianza na matawi makavu na yaliyosongamana. Yabaki majani ya kutosha. Badala ya kuyakata, yafunike: nguzo nne, makuti juu na upande wa magharibi, wiki tatu au nne, kisha chomoa makuti machache machache. Kaskazi likianza, kinga upande wa kaskazini mashariki.

Maji sasa. Siku ya kupanda, lita 20 kwa mwasmini na lita 10 kwa kila mwaridi. Wiki mbili za kwanza, lita 15 kwa mwasmini na 5 hadi 7 kwa mwaridi, siku moja ndiyo, moja siyo, isipokuwa mvua ikinyesha. Baadaye mara mbili kwa wiki, na usiache mpaka masika yaingie. Maji yaende juu ya donge lenyewe, maana kwa wiki za mwanzo mizizi yote imo humo, na donge linaweza kukauka katikati ya shimo lililolowa. Kabla ya kumwagilia, ingiza kidole mpaka kiungo cha pili ndani ya donge. Ukikuta unyevu, acha.

Kisima kinanipa wasiwasi kuliko ukame. Kama chumvi unaionja kwa ulimi, wiki sita za kwanza tumia maji ya mvua uliyoyakinga au ya bomba ya Baricho, hata ikibidi kununua kwa mtungi. Ukilazimika kurudi kwenye kisima, mwagilia mengi kwa nafasi na si kidogo kila siku: maji mengi husukuma chumvi ishuke chini ya mizizi, kidogo kidogo huirundika juu. Dalili yake ni kingo za majani makubwa kuungua kahawia zikianzia nchani. Funika udongo kwa majani makavu au makumbi unene wa sentimita 5, ukiacha nafasi ya kiganja kuzunguka shina kwa ajili ya mchwa. Makumbi yaliyotoka kufukiwa pwani yana chumvi ya bahari. Yaoshe au yaache yanyeshewe kwanza.

Utaona majani yakilegea mchana. Usikimbilie ndoo. Tazama alfajiri: yakiwa yamesimama tena, mmea unajimudu. Yakiwa yamelegea alfajiri na donge ni kavu, mwagilia. Yakiwa yamelegea alfajiri na donge limelowa, shida iko kwenye mizizi na maji zaidi yatauua, kama mwaka jana. Ongeza kivuli, sitisha maji siku mbili tatu. Majani yakigeuka njano yakadondoka kwa kuguswa, mara nyingi mmea uko hai na umeamua kupunguza mzigo. Yakikauka yakabaki yameng'ang'ania tawi, tawi hilo limekufa. Kwangua gamba kwa ukucha: kijani kibichi chini yake ni uhai, kahawia kavu si uhai. Kwangua ukishuka chini mpaka ukutane na kijani, ndipo ukate. Mwasmini usiung'oe kabla masika hayajapita, maana huweza kukaa kama umekufa halafu ukachipua kutoka shinani. Majani mapya yakija ya njano yenye mishipa ya kijani, hilo ni jambo jingine: udongo wa chokaa ya matumbawe hunyima mmea madini ya chuma, na mbolea ya kawaida haitaliondoa.

Kuna mahali maneno ya kusoma hayatoshi. Mti wenye shina linalopita sentimita 10, mizizi iliyoingia chini ya ukuta au iliyokaribia bomba na waya, hayo yanataka mtu aje atazame. Vivyo hivyo ukikuta mizizi imekuwa kahawia, laini na yenye harufu, utando mweupe chini ya gamba la shina, au njia za mchwa zikipanda juu. Nenda kwa afisa wa kilimo wa wadi yenu, au kituo cha KEFRI (Taasisi ya Utafiti wa Misitu Kenya) pale Gede kwa mambo ya miti kama huo mlangilangi. Usiende mikono mitupu: chukua kipande cha mzizi kilichofungwa kwenye karatasi yenye unyevu, tawi lenye majani mazima na mabovu, kiganja cha udongo kutoka kina cha sentimita 20 na chupa ndogo ya maji ya kisima, na umwambie ulihamisha lini na unamwagilia kiasi gani.